Kabla ya ekzosti ya kelele, nunua breki

TIMU ikisajili straika wa bei mbaya huku beki zake zinavuja, kila shabiki anajua mwisho wake. Ndivyo ilivyo kwa vijana wanaomwaga mkwanja kwenye ekzosti ya Subaru Impreza, gari linanguruma kinoma lakini likifika kwenye kona linayumba.

Mapenzi hayo yana historia. Mwaka 1997 Colin McRae alitwaa Safari Rally nchini Kenya akiwa na Impreza. Lakini hakushinda kwa kelele.

Pesa ya kwanza iende kwenye matairi. Nguvu ya injini, breki na usukani vyote vinategemea sehemu nne tu zinazogusa barabara, kila moja saizi ya kiganja. Pili, breki: pedi nzuri na mafuta mapya. Mafuta ya zamani hunyonya unyevu, yakichemka pedali inazama. Tatu, shokapu.

Hapo ndipo uiguse injini. Gari lenye tabo hupata nguvu za kweli fundi anayejua kazi akiipanga upya kompyuta yake. Lisilo na tabo, ekzosti na filta ya wazi huleta kelele nyingi, nguvu kiduchu. Spoila kubwa? Kwenye foleni ni urembo tu.

Timu iliyopigwa tatu bila kwa kupanda yote mbele bado ina mechi ya marudiano. Dereva aliyeishiwa breki kwenye mteremko hana.