Zege Jepesi la Kukinga Joto

Saruji nyingi iendayo kisiwa cha Pate hushushwa Mtangawanda, baada ya chombo kutoka Lamu kupita Mkanda. Kila mfuko huwa umekwisha kulipiwa nauli ya bahari kabla haujamfikia fundi. Basi ni hasara kubwa mtu kujenga kwa zege zito, kisha akashindwa kulala ndani kwa sababu ya joto.

Wazee wa Pate na Siyu walilijua jambo hili. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na juu ya boriti za mikoko wakapanga mawe na kuyasakafia. Tumbawe lina vitundu vingi vyenye hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Warumi nao walitumia akili iyo hiyo: katika kuba la Pantheon mjini Roma, lililomalizika karne ya 2, walitia mawe mepesi ya volkano sehemu za juu.

Lakini kuvunja matumbawe hai ni kubomoa makao ya samaki, na mvuvi ndiye wa kwanza kuiona hasara yake. Unga wa mbao, ambao maseremala na waunda vyombo huutupa, waweza kushika mahali pa tumbawe.

Kazi yenyewe ni hii. Chekecha unga uondoe maganda na vipande vikubwa. Uloweke siku nzima katika maji yaliyotiwa chokaa, kisha uusuuze na kuuchuja. Kwa maana miti ina sukari izuiayo saruji kushikana. Changanya debe 1 la saruji na madebe 3 ya unga huo. Ongeza maji matamu kidogo kidogo, mpaka mchanganyiko ukifinywa mkononi ushikamane bila kuchuruzika. Usitumie maji ya chumvi, kwani huozesha chuma kilicho karibu. Shindilia katika kalibu, funika kwa magunia mabichi siku 7, kisha uache matofali yakauke kivulini kwa majuma kadhaa.

Kwanza fanya tofali moja la kujaribia. Likimomonyoka kwa kukwaruzwa na msumari baada ya majuma mawili, mti huo haufai. Tafuta unga wa mti mwingine. Afanyaye kazi na alinde macho na mikono, kwa kuwa chokaa na saruji huunguza.

Zege la kawaida lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Hili laweza kuwa na nusu ya uzito huo au pungufu. Lakini wepesi una gharama yake, nayo ni nguvu. Lafaa kuta za kugawa vyumba, au tabaka la kukinga jua juu ya sakafu ya paa iliyo imara. Halifai nguzo, msingi, wala birika la maji. Tena hunywa maji na kuvimba, kwa hiyo lazima lipigwe lipu vizuri pande zote.

Mwenye nyumba asiharakishe kumwaga paa zima. Na aanze na ukuta mmoja, auache upitiwe na kaskazi na kusi, ndipo aamue.