Cheti na Utu: Maisha ya Watumishi wa Mlimani

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, profesa wa miaka 45 akikutana koridoni na mhudumu wa ofisi aliyekaribia kustaafu, anayetangulia kuamkia ni profesa. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, watoto hawajambo?" Wakishajuliana hali ndipo faili linakabidhiwa. Hakuna waraka unaomwagiza msomi huyo kufanya hivyo, na cheo chake hakipungui kwa kufanya hivyo. Ameamkia umri, na umri haukutolewa na Seneti.

Desturi hii ni ya kawaida mno kiasi kwamba wenyeji wa Mlimani, kama chuo hiki kinavyoitwa, hawaioni tena. Hata hivyo, ndiyo inayotufungulia mlango wa kuielewa jumuiya yao. Mtumishi wa chuo hupimwa kwa vipimo viwili vinavyokwenda sambamba. Cha kwanza ni cheti: umesoma hadi wapi, uko daraja gani, una machapisho mangapi. Cha pili ni utu: unasalimia vipi, unakula na nani, ulionekana kwenye msiba wa nani. Cha kwanza ndicho chanzo cha mashaka mengi ya kazi. Cha pili ndicho kinachowafanya watu wayavumilie mashaka hayo mwaka hadi mwaka.

Historia ya chuo hiki inajulikana. Kilifunguliwa Oktoba 25, 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London chenye wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na Julai 1, 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Mwanahistoria Walter Rodney alikuwa akifundisha hapa kitabu chake kuhusu Ulaya na udumavu wa Afrika kilipotoka mwaka 1972. Taasisi yake ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Majina ya wasomi yameandikwa, na yanastahili. Lakini chuo hakiamki kwa wasomi peke yao. Kuna makatibu muhtasi, watunza kumbukumbu wa masijala, mafundi wa maabara, wakutubi, wahasibu, wauguzi, madereva, polisi wasaidizi na watunza bustani. Hao huitwa wafanyakazi waendeshaji, nao wahadhiri huitwa wanataaluma. Jina la mwendeshaji halimo kwenye jalada la kitabu, lakini bila yeye mtihani haupigwi chapa, darasa halifunguliwi na matokeo hayaendi popote.

Saa za kazi ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, ila siku ya mtumishi huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Nyumba za chuo hazijawahi kutosha, na kodi za Sinza au Mwenge ni nzito, hivyo wengi wamejenga mbali: Goba, Madale, Kibamba, Bunju, Mbezi. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulioanza mwaka 2016 na daraja la Kijazi lililofunguliwa Ubungo mwaka 2021 vimepunguza adha ya njia. Hata hivyo, mama mwenye mtoto wa shule ya msingi bado huondoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Ndiyo maana wengi hawanywi chai nyumbani. Wanakuja kuinywa kazini, na hapo ndipo desturi kubwa kuliko zote inapoanzia.

Chai ya saa nne haimo katika ratiba yoyote, lakini kila idara inaijua. Maji huchemshiwa ofisini kwa katibu muhtasi. Sukari na majani hununuliwa kwa mchango wa mwezi. Mama anayejulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza hupita na beseni lililofunikwa kitambaa safi, ndani mna chapati, maandazi, vitumbua, sambusa na mihogo ya kukaanga. Katika chumba hicho kidogo, dereva hukaa kiti kimoja na mhadhiri mwandamizi. Mazungumzo yote ni Kiswahili, hata kama kikao kilichomalizika nusu saa iliyopita kilikuwa cha Kiingereza na muhtasari wake utaandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo mtu husikia kwamba waraka mpya umetoka ofisi ya Utumishi serikalini, kwamba fulani amelazwa, kwamba nafasi imetangazwa idara ya pili. Mkuu wa idara mwenye busara hapitishi wiki bila kushika kikombe katika chumba hicho, kwa kuwa mambo ambayo mtu hawezi kuyaandika kwenye barua huyasema akiwa na kipande cha chapati mkononi.

Mchana watu hutawanyika kwenda kula. Zamani mabwalo yaliendeshwa na chuo chenyewe. Tangu enzi za uchangiaji gharama, miaka ya 1990, huduma ya chakula imekuwa zaidi mikononi mwa wazabuni na mama ntilie. Chakula cha mtumishi wa kawaida hakina siri: wali maharage, ugali dagaa, ndizi nyama siku za neema, na pembeni matembele au mchicha, kipande cha tikiti na juisi ya ukwaju. Ijumaa ni pilau, na wasio Waislamu huisubiri kwa hamu ileile. Walaji wa nje chini ya miti hujifunza mapema kuishikilia sahani, maana tumbili wa Mlimani hawaombi.

Kula huko kuna adabu zake. Anayekula humkaribisha kila apitaye, na apitaye hujibu kwa heshima hata kama ameshiba. Mkubwa wa meza ndiye anayetarajiwa kulipa pale anapokuwa na wadogo zake. Mwezi wa Ramadhani chupa za chai hufichwa, mtu asiyefunga hutafuta pembe ya kulia, na Mkristo humbadilishia zamu mwenzake ili awahi kufuturu. Kwaresima ikifika fadhila hiyo hurudishwa. Mama ntilie naye ana daftari. Tarehe zikiwa mbaya, mteja wake hula, jina likaandikwa, na deni likalipwa mshahara ukiingia. Katika daftari hilo mna watu wa kila daraja, na mwenye daftari hasemi alichoandika. Hiyo nayo ni heshima kubwa.

Mshahara wa serikali mara nyingi huingia baada ya tarehe 20. Kanuni inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, na wapo wengi wanaoishi kwenye theluthi hiyohiyo kwa sababu mkopo wa benki ndio uliojenga nyumba ya Kibamba. Vyuma vikikaza, mtu hukimbilia Saccos ya kazini, chama cha akiba na mikopo. Chini ya Saccos kuna upatu: wenzake kumi hutoa kiasi sawa kila mwezi na mmoja hupokea chote, kijumbe akiwa mwanamke ambaye kila mtu anamwamini. Mikopo ya mitaani, ile ya kausha damu, huanza pale upatu unapokosekana. Wengine hufuga kuku, hulima Mkuranga au Bagamoyo, hushona nguo jioni. Mambo haya si mapya. Katika miaka migumu ya 1980, walimu wa chuo kikuu nao walifuga kuku na ng'ombe ili familia zao zile.

Lakini fedha haitoshi kueleza mashaka ya mtumishi. Hofu iliyo kubwa zaidi ni ya karatasi. Aprili 28, 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na ajira zao zikakoma. Aliyeghushi alivunja sheria, na chuo kikuu, ambacho nacho hutoa vyeti, hakiwezi kuufumbia macho uongo wa cheti. Lakini siku hizo hata wasio na kosa hawakulala. Kulikuwa na tofauti ya majina kati ya cheti cha ubatizo na cha kidato cha nne, na kulikuwa na vyeti vilivyoliwa na mchwa kijijini. Watumishi wenye elimu ya darasa la saba tu nao waliondolewa, hadi Serikali ilipoagiza mwaka 2018 kwamba walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warejeshwe. Mtu aliyefagia au kusambaza barua kwa uaminifu kwa miaka mingi alijikuta akiulizwa swali ambalo kazi yake haikuwahi kumuuliza.

Wanataaluma wana hofu yao. Kuingia katika kada ya uhadhiri kwa kawaida hudai wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika umahiri. Kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri lazima uzamivu, na kutoka hapo hadi profesa ni machapisho. Mwandishi wa makala husubiri majibu ya jarida kwa miezi, huku mitihani ya mamia ya wanafunzi ikimsubiri mezani. Mwendeshaji husubiri kupandishwa daraja, au kubadilishiwa kada baada ya kujisomea jioni kwa fedha yake. Sasa kazi zote hupimwa kwa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, na mtumishi wa umri mkubwa mara nyingi humtegemea kijana wa idara kumjazia malengo yake. Kijana husaidia, na halipwi kwa hilo.

Kisha kuna kustaafu. Umri wa lazima ni miaka 60, na kwa maprofesa na wahadhiri waandamizi ni 65. Mada inayotawala meza za chai ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya pensheni. Baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa na kuzaa PSSSF mwaka 2018, mkupuo anaolipwa mstaafu uliwekwa kuwa asilimia 25, ukasitishwa mwishoni mwa mwaka huohuo kwa malalamiko ya wafanyakazi. Mwaka 2022 ukawa 33. Mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 kwa ambao kabla ya kuunganishwa huko walikuwa wakipata nusu, na 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Kwa walio bado kazini, nyongeza ya kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma iliyotangazwa Mei Mosi ya 2025, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, ilipokewa kwa furaha ya kweli. Lakini anayekaa nyumba ya chuo hujiuliza usiku: siku nikirudisha ufunguo, nitahamia wapi?

Hapo ndipo kipimo cha pili kinapoonyesha nguvu yake. Msiba ukitokea, orodha ya rambirambi huzunguka kabla ya tangazo rasmi. Siku hizi huzunguka kwenye kundi la WhatsApp, na fedha hutumwa kwa simu. Basi la kazini huwachukua watu hadi Tegeta au Kibaha, na marehemu akipelekwa Moshi, Bukoba au Songea, wawakilishi hupanda gari wakasafiri naye usiku kucha. Harusi nayo ina kadi ya mchango na kamati, na mweka hazina wa kamati huweza kuwa karani ambaye chini yake wamo madaktari wa falsafa wanaodaiwa ahadi zao. Hawamkasirikii. Katika kikao hicho yeye ndiye mkubwa.

Kuna watakaosema michango hii ni mzigo, na ni kweli kwamba kadi zikiwa tano kwa mwezi mtu huumia. Mila hii inahitaji kiasi: harusi ipungue fahari, na ahadi isiwe aibu kwa asiye nacho. Lakini anayetaka iachwe kabisa atuambie kwanza nani atakayekesha na mjane wa dereva.

Naiona hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Katika vyuo vingi nchini, usafi na ulinzi umekabidhiwa kampuni za wazabuni. Mwanamke anayedeki ofisi kila alfajiri hayumo kwenye orodha ya watumishi, hayumo kwenye Saccos wala kwenye kundi la WhatsApp. Zabuni ikibadilika, hutoweka na ndoo yake, na wapo wasiojua hata jina lake. Hapo cheti kimemnyima ajira ya kudumu, na utu nao umemsahau. Jumuiya iliyojijenga kwa shikamoo haiwezi kukubali jambo hilo na bado ikabaki ileile.

Dawa ya haya yote haihitaji bajeti kubwa. Mikataba ya wazabuni iweke kima cha mshahara na michango ya hifadhi ya jamii, na chuo kikague kama inalipwa. Mtumishi apewe mafunzo ya kustaafu akiwa na miaka 50, badala ya miezi michache kabla ya kuondoka. Wanaokaribia kustaafu wasaidiwe kwa mifumo mipya kwa utaratibu rasmi, na kijana anayewasaidia apewe alama kwa kazi hiyo. Na kila idara iandike jina la anayesafisha ofisi zake katika orodha ya chai, ya harusi na ya misiba. Hilo la mwisho halisubiri kibali cha mtu yeyote. Linaweza kufanyika kesho, saa nne asubuhi.