Plagi Sita, Tatu Hazionekani: Unapolitengeneza Gari Mwenyewe Ughaibuni

Kwa ndugu anayebeba boksi zamu ya usiku katika mji wa Marekani usio na basi saa tisa za usiku, gari si anasa. Gari likianza kumisi Jumatatu, haichukui muda na mshahara nao unamisi. Ndiyo maana wengi wetu, tukishaulizia bei gereji, tunanunua vifaa na kufungua boneti wenyewe Jumamosi asubuhi. Na hapo ndipo mtu hugundua kwamba kujua kifaa kipi kimekufa ilikuwa sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kukifikia.

Chukua mfano wa plagi. Lexus RX 300, ambalo nyumbani tunalifahamu kwa jina la Harrier, na Toyota Sienna za kabla ya modeli ya 2021, magari ya familia kubwa huko Marekani, yana injini ya V6 iliyowekwa kwa upana. Plagi tatu za mbele unaziona kwa macho. Toa mfuniko wa plastiki, chomoa koili, ingiza soketi ya milimita 16, fungua. Kazi ya nusu saa kwa asiye na haraka.

Tatu za nyuma ni habari nyingine. Zimeelekea ukuta unaotenganisha injini na abiria, na juu yake limekaa bomba kubwa la kugawa hewa, yaani manifoldi. Kwenye Sienna za 2004 hadi 2010, hata boneti ikiwa wazi, sehemu ya injini imejificha chini ya kioo cha mbele. Mafundi wengi hutoa mashine ya waipa na bati lake, kisha manifoldi ya juu, ndipo plagi zionekane. Plagi ni ileile na bei ni ileile, lakini upande mmoja unamaliza kabla chai haijapoa na upande wa pili unakula siku nzima.

Imekuwaje hivi?

Zamani magari mengi yalikuwa na injini iliyolala kutoka mbele kwenda nyuma, na pembeni pakabaki nafasi ya mikono miwili. Waliokulia kwenye Land Rover na Peugeot 504 wanakumbuka. Mwaka 1959 likaja gari dogo la Mini kule Uingereza, kazi ya mhandisi Alec Issigonis. Yeye aliigeuza injini ikakaa kwa upana na kuendesha magurudumu ya mbele, ili abiria wapate nafasi ndani ya gari fupi. Mpango huo ukaenea duniani. Baadaye injini ya silinda sita nayo ikabanwa katika chumba hichohicho, na safu moja ya silinda ikaangukia upande wa ukuta.

Abiria alipata nafasi, fundi akapoteza. Kiwandani jambo hilo halikuonekana tatizo kubwa. Plagi za iridiamu za Toyota hizo zimepangiwa kubadilishwa kila maili 120,000, yaani kilomita kama 193,000. Mnunuzi wa kwanza huenda asiifikie siku hiyo. Anayeifikia ni mnunuzi wa pili au wa tatu, na huyo mara nyingi ndiye sisi.

Bei imejificha wapi?

Gereji nyingi hukutoza kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha kazi, hata kama fundi amemaliza mapema. Saa moja ya fundi Marekani leo hupita dola 100 katika gereji nyingi. Kwa injini ya silinda nne yenye plagi juu, ni kazi ya kama saa moja. Kwa V6 tuliyoieleza ni saa kadhaa. Kwa hiyo unapoona bili, usishangae bei ya plagi. Umelipia njia ya kuifikia.

Mfano mwingine ni Lexus LS 400. Stata yake imewekwa chini ya manifoldi, katikati ya injini ya V8. Ikifa, huifikii kutoka chini kama ulivyozoea. Unavua injini kutoka juu. Walioko Uingereza nao wana balbu za taa za mbele. Gari likishatimiza miaka mitatu linapimwa kila mwaka kwenye MOT, na taa ya mbele iliyokufa inaliangusha. Balbu ni pauni chache, lakini kuna magari ambayo unaifikia baada ya kutoa betri, kupitia kwenye tao la gurudumu, au kuvua bampa.

Basi kabla ya kununua chochote, swali la kwanza liwe hili: ili nikifikie, nitoe vitu vingapi? Vihesabu. Vikizidi uwezo wako, utakuwa umejua ukiwa umekaa sebuleni, si ukiwa na gari lililofunguka na zamu inaanza saa nne usiku. Na ukiamua kufungua, maliza yote yaliyo njiani. Gasketi za manifoldi nunua mpya, na koili za nyuma zikague papo hapo.

Mbinu za mkono usiofika

Acha injini ipoe kabisa. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na plagi ikifunguliwa ya moto inaweza kung'oka na thredi. Puliza vumbi kwenye shimo kabla ya kufungua, la sivyo mchanga utaangukia ndani ya silinda.

Tafuta vyuma vya kurefusha vya urefu tofauti na kiungo kinachopinda. Maungio yafunge kwa utepe, maana soketi ikibaki chini shimoni utaongeza kazi juu ya kazi. Simu iwe jicho lako: piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Bolti zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la manifoldi, kila moja mahali pake.

Ukishatoa manifoldi, ziba matundu ya hewa kwa vitambaa safi, na uvihesabu. Nati moja ikidondokea humo, kazi ya plagi inageuka kazi ya injini.

Wakati wa kurudisha, chomeka plagi kwenye kipande cha mpira na uizungushe kwa vidole. Mpira ukiteleza, ujue thredi hazijakaa sawa. Rudi nyuma uanze upya. Spana ya kupimia nguvu ije mwisho, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Bolti ikigoma, usishindane nayo. Kwenye miji ya baridi, chumvi inayomwagwa barabarani huozesha vyuma vya chini. Nyunyiza dawa ya kutu, iache ilale.

Pale ambapo roho iko hatarini

Kama kifaa kinafikiwa kutoka chini, jeki peke yake isikudanganye. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi, juu ya sakafu ngumu, na magurudumu yamewekewa vizuizi. Mtu wa nyumbani ajue uko chini ya gari. Ukigusa stata, chomoa kwanza waya hasi wa betri. Na wakati wa baridi usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwani ndani ya moshi wake mna sumu isiyo na harufu, inaua.

Mifuko ya hewa na nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi waachie wenye mafunzo. Soma pia mkataba wa nyumba; maghorofa mengi ya kupanga hayaruhusu matengenezo kwenye maegesho.

Massachusetts ilipitisha mwaka 2012 sheria inayowataka watengenezaji wa magari kutoa taarifa za matengenezo kwa wenye magari na gereji huru. Ni jambo jema, ila sheria inafungua kitabu tu. Haiongezi nafasi ya mkono.

Nafasi hiyo mtu huichagua siku ya kununua. Nduguyo Dar akikuomba ushauri wa Harrier, mwambie kuna ya silinda nne ya 2.4, plagi zote ziko juu, na kuna V6 ya 3.0. Fundi wa Gerezani atazimudu zote mbili, kwa spana aliyoikata na kuipinda mwenyewe kwenye moto. Lakini malipo ya saa zake hayatalingana, na atakayelipa ni nduguyo, au wewe unayemtumia.