Mjomba, Saa Tisa na Mzalia: Maisha ya Warumi katika Ufundishaji wa Kilatini cha Mwanzo

Makala haya yanahusu swali linaloonekana dogo: mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kilatini aelezwe maana ya maneno kwa lugha gani? Kwa muda mrefu somo la Kilatini lilianza kwa majedwali ya minyambuliko. Maisha ya Warumi wenyewe yaliachwa mpaka mwanafunzi aweze kumsoma Caesar, na wengi hawakufika huko. Mwelekeo ulibadilika katika nusu ya pili ya karne iliyopita. Mwaka 1955 Mdenmaki Hans Ørberg alianza kutoa kozi ambayo mwanafunzi huingizwa moja kwa moja katika nyumba ya Mrumi mmoja, pamoja na mke, watoto na watumwa wake, bila tafsiri yoyote. Mwaka 1970 Waingereza wakaanza kuchapisha Cambridge Latin Course, ambayo hadithi zake za kwanza zinatokea Pompeii, katika nyumba ya Caecilius, mhusika aliyejengwa juu ya mtu halisi. Vibao vya nta vya biashara yake, zaidi ya 150, vilichimbuliwa mwaka 1875.

Hatua hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo, nje ya mkabala wa Ørberg, vitabu vya aina hii kwa kawaida humpa mwanafunzi kisawe kimoja cha Kiingereza kwa kila neno, na utamaduni huwekwa katika kurasa za pembeni. Dai la makala haya ni kwamba maisha ya kila siku ndiyo maana yenyewe ya maneno hayo, na kwamba Kiswahili, katika nyanja kadhaa, kinaifikia maana hiyo kwa ukaribu kuliko Kiingereza. Anayepitia Kiingereza kwanza huacha njia fupi akashika ya mzunguko.

Tuanze na saa. Warumi waliugawa mchana katika saa 12, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. *Hora sexta* inaangukia adhuhuri na *hora nona* alasiri. Martial, katika shairi moja la kitabu chake cha nne, anaipanga siku nzima kwa hesabu hiyo: saa mbili za kwanza wategemezi huenda kuwaamkia wakubwa wao, saa ya sita ni mapumziko, na ya tisa ni ya kujiegemeza vitandani kwa ajili ya *cena*. Msomaji wa Kiingereza huhitaji maelezo ili ajue kwamba saa ya tisa si ile anayoiita tisa. Mswahili anasema saa tisa, na kazi imekwisha. Kinachobaki kwa mwalimu ni kuonya kwamba saa ya Kirumi ilirefuka na kufupika kwa majira: mjini Roma ilikuwa kama dakika 45 katikati ya majira ya baridi na kama dakika 75 katikati ya kiangazi. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna tajriba hiyo.

Istilahi za ujamaa zina utajiri zaidi. Kilatini hutenganisha *patruus*, ndugu wa kiume wa baba, na *avunculus*, ndugu wa kiume wa mama. *Amita*, dada wa baba, na *matertera*, dada wa mama. Kiingereza kina neno moja kwa wanaume hao wawili na moja kwa wanawake. Zaidi ya hayo, neno lake la mwanamume, *uncle*, limetokana na *avunculus* kupitia Kifaransa, na limemmeza *patruus* asionekane tena. Kiswahili hakina upungufu huo: *patruus* ni baba mkubwa, baba mdogo au ami, *avunculus* ni mjomba, *amita* ni shangazi, *matertera* ni mama mkubwa au mama mdogo. Tena Kiswahili huongeza tofauti ya umri ambayo Kilatini hakikuiweka katika neno lenyewe.

Hapa ndipo mwalimu anapotakiwa kuwa mwangalifu, kwa kuwa maneno yanalingana lakini uzito wake haulingani. Katika sheria ya Majedwali Kumi na Mawili, ya katikati ya karne ya 5 KK, yatima asiyewekewa mlezi kwa wosia aliangukia mikononi mwa jamaa wa karibu wa kiumeni, na mara nyingi huyo alikuwa *patruus*. Ndiyo sababu katika fasihi ya Kirumi *patruus* akawa mfano wa ukali. Mwanafunzi Mmakonde au Myao, ambaye kwao ukoo hufuata upande wa mama, huweza kulisikia neno mjomba likiwa na mamlaka ambayo Mrumi aliyaweka upande wa baba. Tofauti hiyo ifundishwe waziwazi. Matini nzuri ya baadaye ni barua za Pliny Mdogo kwa Tacitus kuhusu mlipuko wa Vesuvius wa mwaka 79: anayekwenda na merikebu kuokoa watu na kufia ufukweni ni *avunculus* wake, mjomba kwa maana yetu kabisa.

Neno *familia* lina mtego wa aina nyingine, kwani tunalo katika Kiswahili. Mwanafunzi hudhani amekwisha kulijua. Kwa Mrumi, *familia* ilikuwa watu wote walio chini ya mamlaka ya mwenye nyumba, na mara nyingi ilimaanisha watumwa peke yao. Anayetafsiri kwa wepesi huwafuta watu hao. Hadithi za vitabu vya mwanzo nazo zimekosolewa na walimu kwa kuwaonyesha watumwa kama watu wachangamfu walioridhika na hali yao.

Kiswahili kina msamiati mzito katika jambo hili, na sababu yake si ya kujivunia: pwani yetu ilikuwa na utumwa wake, na Zanzibar hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897 tu. *Verna*, mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, ni mzalia. *Libertus*, aliyeachwa huru, ni mahuru. *Fugitivus* ni mtoro. Wanafunzi hucheka wanapolisikia neno la mwisho, kwa sababu kwao mtoro ni mwanafunzi anayekosa shule. Mwalimu awaonyeshe picha za kola za chuma za Kirumi, zilizoandikwa kwamba aliyezivaa ametoroka, akamatwe na kurudishwa kwa bwana wake.

Lipo pia *dominus*. Mseminari hulijua kutokana na sala kabla ya kujua sarufi yoyote, akalitafsiri Bwana. Tafsiri ni sahihi. Lakini *dominus* alikuwa kwanza mwenye nyumba na mwenye watumwa, na bwana wa pwani ya karne ya 19 alikuwa hivyo hivyo. Katika zoezi la kwanza la juma la kwanza, sentensi *servus dominum timet* itafsiriwe kwa Kiswahili, “mtumwa anamwogopa bwana wake”, na mwanafunzi aulizwe kwa nini hakuandika “mtumishi”, ilhali maneno yote mawili yametoka katika mzizi -tum-.