Unataka Cheti cha HR? Jua Unalipia Nini Kabla ya Kuweka Nambari ya Siri

Ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp: "Cheti cha HR ndani ya siku tatu. Hakuna mtihani. Tuma 6,500 kwa nambari hii." Wewe umekuwa karani wa ofisi kwa miaka minne. Mishahara unaandaa wewe, likizo za watu unapanga wewe, na kila nafasi ya kazi unayoiona inataka mtu aliyesajiliwa. Kidole kiko karibu kubonyeza.

Subiri kidogo. Leo tuongee kuhusu njia halali ya kuwa mtaalamu wa HR hapa Kenya, na jinsi ya kuilipia kwa simu bila pesa zako kupotea njiani.

Karatasi tatu, kila moja na kazi yake

Kinachochanganya wengi ni neno "cheti". Katika HR kuna karatasi za aina tatu, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Ya kwanza ni cheti cha masomo. Hiki ni kama diploma ya usimamizi wa rasilimali watu inayotahiniwa na KNEC, au digrii ya chuo kikuu. Kinaonyesha kwamba ulisoma.

Ya pili ni cheti cha kitaaluma. Hapa Kenya kinachojulikana zaidi ni CHRP. Mitihani yake inasimamiwa na bodi ya mitihani ya wataalamu wa HR, yaani HRMPEB. Unafanya ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi ina masomo yake.

Ya tatu ni usajili na leseni. Hapa unashughulika na IHRM, taasisi ya wataalamu wa HR. Unakuwa mwanachama, kisha ukifikia daraja linalotakiwa unapewa leseni ya kufanya kazi hiyo. Leseni hii huhuishwa kila mwaka, na unatakiwa uwe umeendelea kujifunza kupitia mafunzo yanayotambuliwa.

Mpangilio huu umewekwa na sheria ya wataalamu wa usimamizi wa rasilimali watu, Na. 52 ya mwaka 2012. Kwa hivyo mtu anayekuambia anakuuzia "cheti cha HR", muulize kwanza: kipi kati ya hivyo vitatu, na kimetolewa na nani? Asipokuwa na jibu, hapo hakuna biashara.

Kwani mtihani unapima nini?

Kuna wanaosema HR ni kujua kuongea na watu tu. Ingekuwa hivyo, kusingekuwa na haja ya mtihani. Ukikosea hesabu au utaratibu, mwenzako anapoteza haki yake na mwajiri wako anaitwa mahakamani.

Chukua mfano wa kumfuta mtu kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kwamba kabla ya kumwachisha mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Tena ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, akiwa pale anasikia. Kumpa mtu barua getini asubuhi na kumwambia arudi nyumbani hakutoshi.

Au chukua kupunguza wafanyakazi kwa sababu biashara imeshuka. Sheria hiyo hiyo inataka kila anayeachishwa kwa njia hiyo alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Aliyemaliza miaka 6 anastahili siku zisizopungua 90. Mtu wa HR asiyejua hilo anaweza kumnyima mzee wa watu pesa za miezi mitatu, na asijue kama amekosea.

Halafu kuna makato ya kila mwezi. Kwa mshahara wa jumla wa KSh 40,000, mchango wa afya wa SHIF ni asilimia 2.75, yaani KSh 1,100. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani KSh 600, na mwajiri naye anaongeza KSh 600 zake. Bado kuna NSSF na kodi ya PAYE, ambayo inapaswa kufika KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Karani anayeandaa mishahara ya watu 60 na kuituma kwa simu kwa mpigo mmoja ameshika maisha ya familia 60.

Vyeti vya nje je?

Huenda umeona SHRM-CP ya Marekani au vyeti vya CIPD ya Uingereza. Ni vyeti vyenye heshima, na kampuni za kimataifa zinavitambua. Lakini vina gharama zake hata baada ya kufaulu. Mwenye SHRM-CP, kwa mfano, anatakiwa kuthibitishwa upya kila baada ya miaka 3, kwa kukusanya alama 60 za mafunzo au kwa kurudia mtihani.

Kama unalenga kazi hapa nyumbani, kumbuka kwamba cheti cha nje peke yake si leseni ya Kenya. Anza na kile ambacho sheria ya hapa inakidai, vingine vitafuata.

Panga pesa kabla ya kujisajili

Ada za chuo ni moja tu ya gharama. Kuna kusajiliwa kama mwanafunzi, ada ya mtihani kwa kila ngazi, vitabu, nauli ya kwenda kituo cha mtihani, na baadaye ada ya uanachama na leseni. Tembelea tovuti rasmi za HRMPEB na IHRM, uandike ada za mwaka huu kwenye karatasi. Usitegemee ada alizokutajia rafiki aliyefanya mtihani zamani.

Tuseme ukijumlisha, ngazi ya kwanza inakujia KSh 24,000. Ni nyingi ukiziona kwa pamoja. Lakini ukijipa miezi 8, ni KSh 3,000 kwa mwezi, au KSh 100 kwa siku. Fungua akiba ya lengo kwenye simu, iite "Mtihani", na uifunge hadi tarehe ya usajili ikaribie. Pesa iliyofungwa haiombwi na kila mtu. Na tafadhali, usichukue mkopo wa simu wa siku 30 kulipia masomo ya mwaka mzima. Mkopo utadai kabla kitabu hakijafunguliwa.

Siku ya kulipa

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Fuata hatua hizi:

1. Toa nambari ya Paybill kwenye tovuti rasmi au kwenye fomu uliyopewa na taasisi yenyewe. Usiitoe kwenye ujumbe uliotumwa mara elfu.

2. Jina la mpokeaji likijitokeza kwenye skrini, lisome. Liwe jina la taasisi. Likiwa jina la mtu, acha hapo hapo.

3. Weka nambari ya akaunti kwa makini. Mara nyingi ni nambari yako ya usajili. Hiyo ndiyo inayounganisha pesa na jina lako. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaweza kufika kwa taasisi lakini wewe uonekane hujalipa.

4. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Piga picha ya skrini, na uandike ile nambari ya muamala mahali pengine. Simu huibwa, simu huharibika.

5. Lipa mapema. Ukilipa usiku wa mwisho na mtandao ukasumbua, usilipe mara ya pili kabla ya kuangalia salio na ujumbe wako.

Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatumiwa. Hakuna mhudumu wetu atakayekuomba nambari ya siri ili akurudishie. Anayeiomba ni mwizi.

Cheti cha siku tatu kina mwisho wake

Turudi kwa ule ujumbe wa WhatsApp. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake umefichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi wa umma. Na mambo hayaishii kwa kufutwa kazi. Tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC, huwapeleka wahusika mahakamani na kudai warudishe mishahara yote waliyolipwa kwa vyeti hivyo. Mtu anajikuta anadaiwa pesa ambazo watoto wameshazila na kuzisomea.

Ajabu ni kwamba kazi ya mtu wa HR ni kukagua vyeti vya wengine. Utamwambiaje kijana aliyeleta cheti ghushi kwamba hafai, na chako kilinunuliwa?

Kwa hivyo ule ujumbe, ufute. Hizo KSh 6,500 ziweke kwenye akiba ya "Mtihani". Zikikaa hapo, tayari umeshapita robo ya safari ya zile 24,000, na hakuna atakayekuja siku moja kukudai uzirudishe.