Ufadhili wa Masomo na Mabadilishano ya Wanafunzi Ulaya: Njia ya Msomi wa Garissa

Utangulizi

Kila mwaka mialiko ya maombi ya ufadhili wa masomo barani Ulaya hubandikwa katika mbao za matangazo za vyuo vikuu vyetu. Wanaoisoma ni wengi, wanaotuma maombi ni wachache, na wanaofika safari ni wachache zaidi. Makala haya yananuia kufafanua mambo matatu: tofauti kati ya ufadhili na mabadilishano, jinsi mipango mikuu ya Ulaya inavyofanya kazi, na vikwazo vinavyomkabili mwanafunzi wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, yaani kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Tumelichagua eneo hili kwa sababu vikwazo ambavyo kwingineko ni usumbufu tu, huku huweza kumfungia mtu mlango kabisa.

Dhana mbili zinazochanganywa

Ufadhili wa masomo ni fedha apewazo mtu binafsi ili asome hadi apate shahada. Anayeomba hushindana kwa jina lake, na akifaulu huwa mwanafunzi wa chuo cha ugenini. Mabadilishano, kwa upande mwingine, husimama juu ya mapatano baina ya vyuo viwili. Mwanafunzi hubaki amesajiliwa katika chuo chake, huenda ugenini kwa muhula mmoja au miwili, kisha hurejea na alama zake zikahesabiwa nyumbani. Dhana zote mbili zitofautishwe na basari, ambayo ni msaada wa karo utolewao hapa nchini na kaunti au mfuko wa eneobunge.

Tofauti hii ina uzito. Anayetafuta ufadhili anaweza kuanza leo akiwa peke yake. Anayetafuta mabadilishano hawezi kupiga hatua iwapo chuo chake hakijatia saini mapatano na chuo chochote cha Ulaya.

Mipango mikuu

Mpango wa Erasmus ulianza mwaka 1987 ukiwahudumia wanafunzi wa Ulaya wenyewe. Mwaka 1999 mawaziri wa elimu wa nchi 29 walitia saini Azimio la Bologna, lililokusudia kuoanisha mifumo ya shahada katika bara hilo. Kipimo kinachotumika huko ni krediti: mwaka mmoja kamili wa masomo una krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Anayekwenda kwa mabadilishano sharti akielewe kipimo hiki, kwani ndicho kitakachoamua iwapo kozi alizozisoma zitalingana na za nyumbani.

Mwaka 2004 ulianzishwa Erasmus Mundus, ambao uliwafungulia mlango wanafunzi wa dunia nzima. Huu hufadhili shahada za uzamili zinazofundishwa kwa pamoja na vyuo vya nchi mbalimbali, na mwanafunzi husomea katika nchi zisizopungua mbili. Katika kipindi cha 2021 hadi 2027, mfadhiliwa hupewa yuro 1,400 kwa mwezi na halipi karo. Mpango wa Erasmus+, ulioanza mwaka 2014, ulipanua pia mabadilishano ya muda mfupi hadi vyuo vya nje ya Ulaya, Afrika ikiwemo.

Nchi mojamoja zina mipango yake. Shirika la Ujerumani la DAAD liliundwa mwaka 1925 na limekuwa na ofisi Nairobi tangu 1973. Mbali na kuwapeleka watu Ujerumani, hufadhili pia masomo ya uzamili na uzamifu katika vyuo vya Afrika. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliozaliwa mwaka 1959, na ule wa Chevening, ulioanza 1983, ambao humtaka mwombaji awe na tajiriba ya kazi na arejee kwao baada ya masomo. Hungaria nayo ilianzisha Stipendium Hungaricum mwaka 2013.

Mnyororo wa hati

Mwanafunzi wa Garissa anaweza kuwa na alama bora na insha iliyoandikwa vyema, na bado asisafiri. Safari hushikiliwa na mnyororo wa hati: bila kitambulisho cha kitaifa hakuna pasipoti ya mtu mzima, bila pasipoti hakuna viza, na bila viza ufadhili huenda kwa mwingine.

Kwa miongo kadhaa, vijana wa Kaskazini Mashariki walipoomba kitambulisho walipitishwa katika usaili wa ziada mbele ya wazee na maafisa wa usalama, ambao wenzao wa kaunti nyingi nyingine hawakuujua. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba usaili huo umeondolewa. Liko pia tatizo la usajili maradufu: Wakenya ambao familia zao, kwa sababu ya ukame na ufukara, ziliwaandikisha katika kambi za wakimbizi ili wapate chakula na huduma, kisha walipofikia umri wa miaka 18 alama zao za vidole zikawaonyesha kuwa wakimbizi. Mtu wa namna hii huweza kukaa miaka mingi akijitetea kuwa raia, ilhali makataa ya ufadhili hayamsubiri.

Umbali nao ni gharama. Balozi ziko Nairobi, kiasi cha kilomita 370 kutoka mjini Garissa, na anayetoka Mandera husafiri zaidi ya maradufu ya hapo. Nauli na malazi hulipwa kabla ya senti ya kwanza ya ufadhili kupokelewa.

Wakimbizi wa Dadaab

Kambi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia 1991, zimo katika Kaunti ya Garissa. Mkimbizi hana pasipoti ya Kenya. Husafiri kwa hati maalumu inayotambuliwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kwa ajili yao ipo DAFI, iliyoanzishwa 1992 kwa fedha za Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, ambayo hulipia masomo ya chuo kikuu katika nchi ya hifadhi. Vyuo vikuu vya Italia navyo vilianzisha UNICORE mwaka 2019 kwa wakimbizi waliokuwa Ethiopia, kisha mpango huo ukapanuliwa hadi nchi nyingine za Afrika.

Mabadilishano ya upande mmoja

Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 liliwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati ya kujitegemea mwaka 2017. Hata hivyo, nchi kadhaa za Ulaya zimekuwa zikiwaonya raia wake dhidi ya kusafiri katika sehemu za kaunti hiyo. Mabadilishano hutaka pande zote mbili zitoe na zipokee. Mgeni asipoweza kuja, mapatano hupungua nguvu. Mojawapo ya njia zilizobaki ni kozi zinazofundishwa kwa pamoja kupitia intaneti.

Nafasi ya Kiswahili

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana mtaji. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa pwani karibu na Bagamoyo, alikuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Leo lugha hii hufundishwa Leipzig, Bayreuth, London, Leiden, Napoli na Paris, na Bayreuth imekuwa mwenyeji wa kongamano la kila mwaka la Kiswahili. Vyuo hivi huhitaji wazungumzaji na watafiti. Mwanafunzi wa Garissa anaishi mahali ambapo Kiswahili, Kisomali na Kipokomo hukutana sokoni na kando ya Mto Tana. Pendekezo la utafiti juu ya mguso wa lugha hizo lina uzito kuliko mada ya jumla ambayo yeyote angeweza kuiandika.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi aanze kutafuta kitambulisho na pasipoti katika mwaka wa kwanza, wala asingoje barua ya kukubaliwa. Pili, idara ziandae maelezo kamili ya kozi zake pamoja na saa za kazi ya mwanafunzi, kwa kuwa bila hayo chuo cha ugenini hakiwezi kulinganisha krediti. Tatu, vyama vya Kiswahili viweke kalenda ya makataa na kuwaunganisha waombaji na wahadhiri watakaowasomea insha kabla hazijatumwa. Serikali ina wajibu wake katika suala la hati, nasi hatuna budi kuendelea kuukumbusha. Lakini haya matatu yamo mikononi mwetu na yanaweza kuanza muhula huu.