Samaki Huyu Kwao Wapi?

Wateja wangu wana huruma kupita kiasi. Mtu akikaa kusubiri zamu ya kunyolewa, macho yakishatua kwenye tangi la kioo, hakawii kumega andazi lake. Samaki nao hawana haya. Wanapanda juu wote midomo wazi, utadhani hawajaonja kitu tangu Songwe iwe mkoa. "Fundi, hawa unawatesa, wana njaa!" Hawana njaa. Karatasi niliyobandika kwenye kioo inakataza chakula cha watu, lakini hapa Hasamba karatasi haimzuii mtu mwenye huruma.

Samaki wangu ni wa jamii ya sikilidi, ukoo mmoja na perege, sato na wale furu wa Ziwa Viktoria. Ukoo huu umejaliwa mataya mawili: la mdomoni la kushika chakula, na jingine kooni la kukisaga. Mwaka 1973 mtaalamu Karel Liem, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba taya hilo la kooni limechangia sana kuwafanya wagawanyike katika aina nyingi hivyo, kila moja na riziki yake. Baadaye akaongeza jambo ambalo natamani wateja wangu wote walijue: hata samaki ambaye mdomo wake umeumbwa kwa kazi moja tu atakimbilia chakula kingine kikiwa rahisi kupatikana. Kwa hiyo samaki kugombania andazi haina maana kwamba andazi linamfaa. Ziwani vya bure huonekana mara chache na huisha upesi. Tangini haviishi.

Ndiyo maana mtu akija kuniuliza chakula gani kizuri, namuuliza kwanza samaki wake kwao wapi. Jibu "Ziwa Nyasa" halinitoshi. Nataka kujua kama ni wa mwambani, wa mchangani au wa maji ya katikati. Mbuna ni wa mwambani. Geoffrey Fryer, aliyewachunguza kule Nkhata Bay upande wa Malawi na kuchapisha kazi yake mwaka 1959, alionyesha jinsi wengi wao wanavyoishi kwa kukwangua utando wa mwani juu ya mawe. Yupo mmoja ambaye pua yake imening'inia juu ya mdomo, anakwangua jiwe akiwa amelilalia. Wataalamu walimwita Labeotropheus fuelleborni, kwa heshima ya Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekusanya samaki wa Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19. Utaka, kwa upande wao, huogelea makundi makundi wakidonoa vijidudu vinavyoelea. Halafu kuna yule mbuna wa manjano anayependwa duniani kote, Labidochromis caeruleus. Naye ni wa mwambani, lakini hudokoa zaidi vidudu vilivyojificha kuliko mwani. Ukimpa majani matupu umempunja.

Ukipanda upande wa Sumbawanga hadi Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, mambo yanazidi kunoga. Tropheus ni mkwanguaji wa mwani, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umejikunja tumboni, kwa kuwa mwani haumeng'enyeki upesi. Mle vyakula vizito vya nyama mfululizo huleta balaa. Samaki anavimba tumbo, anatema chakula, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, na baada ya siku chache unamkuta chali. Ugonjwa huo una zaidi ya chanzo kimoja, na hofu ya kusumbuliwa na wenzake imo, lakini chakula kisichomfaa hutajwa kila mara. Ziwa hilo hilo lina frontosa mwenye kibyongo kichwani, ambaye humeza samaki wadogo. Kuwaweka tangi moja na kuwagawia kopo moja ni kumdhulumu mmoja wao.

Moyo wa ng'ombe, ambao vitabu vya zamani viliusifu, mimi siutumii kwa yeyote. Mafuta ya mnyama wa damu moto huganda kwenye maji ya nyuzijoto 25.

Mzee mmoja mkulima wa kahawa huja kunyoa kila mwisho wa mwezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Hivi hawa unawapa nini? Perege wangu bwawani nawapa pumba na wananenepa. Hawa watoto wa nani, wasile pumba?"

Nikamwambia perege wake wanalelewa na bwawa lenyewe. Samadi inarutubisha maji, maji yanakuwa ya kijani, na kijani hicho ni chakula. Pumba ni nyongeza tu. Kwenye kioo hakuna bwawa la kunisaidia. Pumba zitavimba, zitazama, zitaoza.

Hawa wangu, ambao wengi ni wakwanguaji, nawapikia. Mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, njegere zilizomenywa, uduvi kidogo uliooshwa chumvi, na unga wa spirulina, jamii ile ile ya vijimea vya kijani inayowalisha heroe wadogo wa Ziwa Natron. Nasaga, nachanganya na jelatini, nagandisha kwenye trei ya barafu. Uduvi hauna budi kuwamo, kwa sababu hata ule utando wa mwambani una vijidudu ndani yake. Hakuna mbuna anayekula kijani kitupu. Siku nyingine wanapata chengachenga za dukani, na hapo nanunua kopo dogo, maana likishafunguliwa vitamini C hupotea kabla chakula hakijaisha. Viluwiluwi vya mbu kutoka pipa la maji ya mvua ni karamu, nami huwapa kwa nadra.

Kipimo changu ni wanachomaliza ndani ya dakika mbili, asubuhi na jioni, na siku moja kwa wiki hawali kabisa. Mabaki na vinyesi hutoa amonia, na maji wanayoyapenda samaki wa maziwa yetu yana alkali nyingi. Kwenye maji ya namna hiyo amonia inakuwa sumu kali zaidi. Tena huku kwetu juu kuna baridi. Juni na Julai umeme ukikatika usiku, hita inazima, maji yanapoa, na tumbo la samaki linapoa pamoja nayo. Asubuhi hiyo silishi mpaka maji yarudie joto lake.

Wapo pia wanaosusa chakula bila ugonjwa wowote. Jike la mbuna likishabeba mayai mdomoni hukaa wiki kama tatu karibu bila kula, mashavu yametuna, na wateja wananiambia lina jipu. Tropheus ni tofauti: watafiti wa Kijapani walieleza mwaka 1990 kwamba mama huendelea kudonoa mwani akiwa na watoto mdomoni, na watoto hula humo humo. Huyo namsagia chakula kiwe laini kama unga, namwekea upande ambao madume hayamfukuzi. Mbuna aliyetuna mashavu namwacha kama alivyo.